Kabla ya kuzamisha sanamu, tazama kwanza nani anaishi chini

Mimi ni fundi wa zege. Nilizaliwa Ujiji, nimemwaga misingi ya nyumba Mwanga, Gungu na Mwandiga, na katikati ya hayo nilikaa Mafia miaka sita nikiwapeleka wageni kuzamia kwenye matumbawe. Niliporudi nyumbani, vijana wa Katonga, hapa Kigoma, walinifuata na picha kwenye simu: watu wa zege wamesimama chini ya bahari, samaki wanapita kati ya vichwa vyao, na mgeni mwenye mtungi wa hewa mgongoni anawapiga picha.

"Kaka, zege unaijua na kuzama unajua," wakaniambia. "Tutengenezee kama hizi hapa. Wanaokwenda Gombe walale kwetu walau siku moja."

Ombi lao ni la haki. Mgeni anashuka Kigoma, anapanda boti Kibirizi, anakwenda kuwaona sokwe, anarudi, anaondoka. Kijana mwenye mtumbwi hapati kitu. Kwa hiyo sikuwakatalia. Niliwaambia tu kwamba kazi hii inaanza na macho, zege inakuja mwisho kabisa, na kwamba nitawaandikia hatua zote pamoja na kosa nililolifanya mwenyewe. Naandika kwa ajili yao na kwa yeyote anayefikiria jambo hili, awe Tanga, Kilwa au huku Ziwa Tanganyika.

Sanamu inafanya nini, na nini haiwezi

Bustani ya kwanza ya sanamu za chini ya maji ilifunguliwa mwaka 2006 katika Ghuba ya Molinere, kisiwani Grenada, kazi ya mchongaji Mwingereza Jason deCaires Taylor. Iliyopata sifa zaidi ni duara la watoto 26 walioshikana mikono, nyuso zimetazama nje. Grenada ilikuwa imepigwa na kimbunga Ivan mwaka 2004, na matumbawe yaliyobaki yalikuwa yanakanyagwa na wazamiaji wale wale kila siku. Wazo lilikuwa jepesi: wape wageni mahali pengine pa kwenda, ili mwamba ulio hai upumue. Baadaye Cancún, nchini Mexico, wakaweka mamia ya sanamu ndani ya hifadhi ya bahari kwa sababu hiyo hiyo.

Hapo sanamu inasaidia kweli. Nimeona kwa macho yangu Mafia mgeni mmoja asiyejua kutumia mapezi akivunja kwa teke moja tumbawe ambalo halitarudi tena maishani mwake. Matumbawe ya mawe makubwa hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Kichwa cha tumbawe cha ukubwa wa ndoo kina umri wa mtu mzima. Mgeni wa kwanza kujifunza kuzama angepelekwa kwenye zege, akapiga mateke yake huko, tumbawe lile lingekuwepo hadi leo.

Sanamu pia inatoa mahali pa kushika. Vichanga vya matumbawe huelea majini, na vinapotafuta pa kutua vinataka kitu kigumu, chenye mikwaruzo, kisichofunikwa na tope. Zege iliyokwanguliwa inafaa. Lakini mwani hufika kwanza. Kama hapo karibu kuna bomba la maji taka, au samaki wanaokula mwani wameshavuliwa wote, mwani hautaondoka na tumbawe halitapata nafasi. Anayemwambia mwekezaji kwamba sanamu "inarudisha matumbawe" amuulize kwanza: maji ya choo cha hoteli yanakwenda wapi?

Na kuna joto. Mwaka 1998 matumbawe ya Bahari ya Hindi ya magharibi yalipauka, pwani ya Tanzania ikiwemo. Wazee wa Mafia walinisimulia jinsi mwamba ulivyokuwa mweupe kama chaki. Bahari ikipanda nyuzi moja tu juu ya joto lake la kawaida la kiangazi na kukaa hivyo kwa wiki kadhaa, tumbawe hutema vijimea vinavyolilisha, na njaa inalimaliza. Tumbawe lililoota juu ya bega la sanamu linapauka vile vile. Zege haipoozi maji.

Ziwani hatuna matumbawe, na hilo halitupi ruhusa

Tumbawe haliishi maji baridi. Vijana waliposikia hivyo wakafurahi: basi hatuna cha kuharibu! Hapo ndipo nilipowaomba tukae chini.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal. Ndani yake kuna aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sato, na karibu wote hawapatikani penginepo duniani. Wengi wanakaa pale pale tunapotaka kuweka sanamu, kwenye ukanda mwembamba wa ufukweni wenye mwanga. Mawe ya Bangwe na ya kule Gombe yanafanya kazi ambayo tumbawe linafanya Mafia: ni nyumba, ni shamba la mwani, ni pa kujificha.

Sikilizeni hili, maana watu wengi hawalijui. Kuna samaki wadogo wa mawe wanaokwangua mwani, na rangi zao hubadilika kutoka rasi moja hadi nyingine. Hapa wana mkanda wa njano, mbele kidogo ni wekundu. Hawapendi kuvuka mchanga wala kina kirefu, kwa hiyo kila kundi limekaa kwenye mawe yake vizazi na vizazi. Ukipanga sanamu kumi za zege katikati ya ghuba ya mchanga, umejenga daraja. Makundi yaliyotengana kwa muda mrefu yataweza kukutana na kuchanganyika, na rangi ile ya rasi ile ikishapotea hakuna wa kuirudisha. Ndiyo maana ninasema sanamu zisizidi chache, ziwe mahali pamoja, na upande wa kwanza na wa pili pabaki mchanga mpana.

Kosa langu

Nilifikiri mchanga ni mtupu. Mafia nilizoea kusema hivyo: weka nanga kwenye mchanga, usiweke kwenye tumbawe. Kwa hiyo nilimwaga mtungi mmoja wa zege, wa kilo 180 hivi, niujaribu. Nilichagua mchanga nje ya rasi moja kusini ya Katonga. Nikaushusha mwezi wa Machi, mvua zikiwa kali, maji yamechanganyika na tope la vilimani hata mkono wako huuoni vizuri.

Mwezi Juni maji yalipotakata nikazama kuutazama. Mtungi ulikuwa umekaa katikati ya kitanda cha magamba ya konokono. Magamba yale ni matupu, konokono walikwisha kufa zamani, lakini kila gamba lina mwenyewe: visamaki visivyofika urefu wa kidole, dume na majike wake, wanataga humo na kulea humo. Chini ya kitako cha mtungi magamba yalikuwa yamepondeka kama maganda ya mayai. Pembeni yake dume mmoja alikuwa anazunguka zunguka mahali ambapo gamba lake halikuwepo tena.

Niliutoa siku ya tatu, kwa kamba na mtumbwi wa jirani. Sijaacha kumfikiria yule samaki.

Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akitutazama tukivuta, alinisogelea pwani. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema: "Mwanangu, ungeniuliza. Pale pana visamaki vya magamba. Na kule mbele unakopaona pamekaa bure, ndiko kuhe wanakolalia watoto."

Ni kweli. Kuhe ni miongoni mwa samaki wakubwa kabisa wa jamii ya sato duniani, na wakati wa kuzaa baba na mama husimama pamoja juu ya mchanga kuwalinda watoto wao. Mgeni akipita juu anaona samaki wawili wakubwa wametulia. Akiwatisha, maadui wanaosubiri pembeni wanamaliza kizazi chote kwa dakika chache.

Hatua ya kwanza: mwaka mzima wa kutazama

Kwa hiyo anza hivi. Waulize wavuvi wazee, wanaume na wanawake wanaoanika dagaa, wakuonyeshe wapi pana mazalia. Kisha uzame mwenyewe kila mwezi kwa mwaka mmoja, mahali pale pale, ukiwa na kamba ya mita 20 iliyofungwa mafundo kila mita moja. Inyooshe chini, uogelee taratibu juu yake, na uandike unachokiona kushoto na kulia: magamba, mashimo ya mchanga yaliyopangwa duara (hayo ni malazi ya madume), majani, kuhe wenye watoto. Penseli inaandika chini ya maji kwenye kipande cha plastiki kilichokwanguliwa kwa msasa.

Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, nilipata nafasi nzuri ya kutazama bila nyavu kupita. Lakini miezi mitatu haitoshi. Mchanga uliokuwa mtupu Juni unaweza kuwa wodi ya wazazi Oktoba. Ni pale tu ambapo miezi kumi na miwili imepita bila kuona malazi, magamba wala majani ndipo ninapopahesabu kuwa panafaa. Kati ya sehemu tano nilizozipima, moja tu ilipita.

Pwani ya bahari kanuni ni hiyo hiyo, ila vitu vya kutafuta ni majani ya bahari na matumbawe machanga ambayo ni madogo kama kifungo cha shati.

Kuhusu kina: mita saba, zipimwe mwishoni mwa kiangazi maji yakiwa chini. Hapo mawimbi ya upepo wa kusi hayataigusa sana, mwenye miwani na mrija anaiona vizuri kutoka juu, na miguu yake haifiki. Usisahau kuwa ziwa hili lina tabia zake. Mwaka 2020 na 2021 maji yalipanda hadi yakafunika nyumba na magati. Anayeweka sanamu mita mbili kutoka juu anaweza kuikuta ikigonga injini za boti mwaka maji yakishuka.

Ruhusa na wazee

Hili ni fupi lakini usiliruke. Kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo, yaani BMU, ndio wa kwanza. Halafu serikali ya kijiji au mtaa, ofisi ya Bonde la Ziwa Tanganyika, na NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira, kwa ajili ya tathmini ya athari kwa mazingira. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 za ukingo wa ziwa, kwa hiyo hata banda la kumwagia zege usilijenge ufukweni. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wana kituo hapa Kigoma. Wapelekee daftari lako la mwaka mzima.

Halafu umbo. Mwaka 2018 huko Maldives mahakama iliamuru sanamu za watu zilizowekwa majini kwenye hoteli moja ziondolewe kwa kuonekana zinakwenda kinyume na Uislamu, na polisi wakazibomoa. Ujiji ni mji wa Waislamu tangu zamani. Mama yangu aliponiuliza, "Unataka kutuwekea masanamu ya watu majini?" nilimwelewa. Ndiyo maana nilichagua mtungi. Mtungi haumkeri mtu, kila nyumba ya hapa imewahi kuwa nao, na samaki wanaupenda kuliko umbo la mtu kwa sababu una mlango. Wapo waliotaka tuweke watumwa waliofungwa minyororo, kwa kuwa njia ya misafara ilipita Ujiji. Hilo wataamua wenye mji wakiwa wamekaa kikao. Fundi na mwenye boti hawana mamlaka nalo.

Kumwaga na kukomaza zege

Saruji moja, mchanga miwili, kokoto ndogo tatu, maji machache kadiri inavyowezekana. Mchanga wa kununua uliooshwa, usiuchote ufukweni. Saruji yenye pozolana (majivu ya volkano) ni bora kwa sababu inatoa chokaa kidogo zaidi majini. Kwa kitu kisichozidi mita moja usitie nondo kabisa. Kama ni kirefu na lazima utie, nondo ifunikwe na zege sentimita tano pande zote, la sivyo itashika kutu, itavimba na kupasua.

Usipake rangi. Usilainishe kwa mwiko. Kabla haijakauka ikwangue kwa brashi ya chuma. Toboa milango miwili au zaidi kwa kila chumba cha ndani, ili samaki aliyeingia akifukuzwa apate pa kutokea. Mtungi wangu wa kwanza ulikuwa na mdomo tu. Wa pili una matundu manne ya ukubwa wa ngumi karibu na kitako.

Imwagilie siku 28. Kisha iloweke kwenye tangi, ubadilishe maji kila wiki. Maji yanayotoka kwenye zege mbichi yana pH (kipimo cha asidi na alkali) inayopita 12, yanachoma ngozi ya fundi, sembuse ya samaki. Maji ya ziwa letu yenyewe yana pH karibu na 9, ya bahari ni kama 8. Nunua karatasi za kupimia, chovya moja kwenye tangi na nyingine ziwani. Zikifanana rangi kwa wiki mbili mfululizo, imekomaa. Yangu ilichukua wiki saba.

Matairi, magari mabovu na mabati usithubutu. Mwaka 1972 huko Florida, Marekani, walitupa baharini matairi yapatayo milioni mbili wakiamini wanajenga mwamba wa samaki. Vifungo vilikatika, matairi yakaanza kutembea na mawimbi, yakayagonga matumbawe ya kweli yaliyokuwa jirani. Wamekuwa wakiyatoa kwa miaka mingi.

Kushusha

Hesabu kwanza. Meta moja ya ujazo ya zege ina kilo 2,400, na maji yanaibeba kilo 1,000. Kwa hiyo kitu cha kilo 500 nchi kavu kinabaki na kilo 290 hivi kikiwa majini. Pipa la lita 200 lililofungwa vizuri linabeba kilo 180. Mapipa manne chini ya fremu ya mbao yenye nafasi katikati yanatosha kabisa, pamoja na watu wawili juu yake.

Viringisha sanamu juu ya magogo hadi maji yafike kifuani, leta chelezo, yaani fremu ile ya mapipa, juu yake, ifunge ining'inie katikati, kisha vuta kwa mtumbwi hadi kwenye boya uliloliweka. Asubuhi, kabla ya upepo. Kiangazi, wakati unaona chini. Kamba izungushwe mara tatu kwenye nguzo ya chelezo, na mtu mmoja tu ailegeze kidogo kidogo. Mwingine awe chini na miwani, mita tano pembeni, kamwe asiwe chini yake. Akinyoosha mkono, mnasimama. Kutupa kitu kikafika chini kwa kishindo ndiko kulikoponda yale magamba.

Acha kishikio cha kamba nene juu ya sanamu. Kila kinachoshushwa lazima kiweze kutolewa.

Baada ya hapo

Miezi ya kwanza utaona utelezi wa kijani, halafu wakwanguaji wanafika, halafu wakubwa wanaowafuata. Vijana watashangilia: "Samaki wamezidi!" Ngoja. Samaki waliohama kutoka kwenye mawe ya jirani hawajazidi, wamehama tu, na sasa wamekusanyika mahali ambapo mwenye ndoano anawapata kwa urahisi. Kwa hiyo endelea kupima kamba mbili, moja kwenye sanamu na moja kwenye mawe ya asili. Mawe yakianza kupungukiwa, sanamu itolewe. Na BMU ipige marufuku kuvua hapo mapema, kabla ya samaki wa kwanza kufika.

Kwa upande wa nyavu kuna faida. Huko Talamone, Italia, mvuvi Paolo Fanciulli alizamisha vipande vya marumaru ya Carrara vilivyochongwa sura, ili vizuie nyavu za kukokota zinazofanya uharamia usiku. Kokoro likinasa kwenye zege mara moja, mwenye kokoro harudi. Ila wavuvi halali waonyeshwe mahali hapo na pawekwe boya, wasije wakachaniwa nyavu zao za haki.

Wageni wasizidi sita kwa mara moja. Boti ifungwe kwenye boya la kudumu. Nanga moja inayoburutwa inafanya uharibifu kuliko waogeleaji wa mwezi mzima. Usiwaingize majini kupitia kwenye majani ya ufukweni, huko ndiko kwenye konokono wa kichocho. Waulize wenyeji kuhusu mamba kila asubuhi, si mara moja kwa mwaka. Na kabla ya kuwapeleka kwenye mtungi, waeleze kuhusu kuhe na visamaki vya magamba. Niliowaeleza waliniuliza kuhusu samaki kuliko kuhusu zege, na wawili walirudi siku ya pili kuwatazama tena, wakiwa wametulia juu ya maji bila kupiga hata teke moja.

Mtungi wa pili upo chini sasa, mita saba, peke yake. Kamba yake ya kuutolea ninaibadilisha kila Novemba.